Moshi wa Jenereta Unasema Nini?

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka taratibu.)

Mazungumzo ya leo tumewaandalia wale wanaotunza jenereta: askari wa zamu, muuguzi wa usiku, mhudumu wa zahanati, mwangalizi wa shule. Ndugu zetu wa upande wa Kongo wengi huiita grupu, na dizeli huiita mazutu. Iite upendavyo. Umeme ukikatika saa nane za usiku, hiyo ndiyo mashine inayotegemewa.

Na haitegemewi kwa taa peke yake. Mashine ya oksijeni inayochuja hewa ya chumbani husimama umeme ukizimika, na mtoto mwenye nimonia hawezi kungoja fundi afike asubuhi. Friji ya chanjo nayo lazima ibaki kati ya nyuzi 2 na 8. Mwezi wa Agosti 2022 maji yalifurika ndani ya kituo cha umeme cha Isimba, kwenye mto Nile, na kituo hicho cha megawati 183 kikazimwa. Mgawo wa umeme ukarudi. Bwawa la Karuma limezinduliwa Septemba 2024, lakini transfoma ya mtaa wenu ikiungua, au nguzo ikiangushwa na mvua, Karuma haiwezi kuwasaidia usiku huo.

Sasa, jenereta ya dizeli mara nyingi haifi ghafla. Hutoa dalili kwanza, na dalili moja inayoonekana na kila mtu, hata asiye fundi, ni moshi. Ukiuona moshi, jiulize maswali matatu. Una rangi gani? Unatoka wakati gani? Na mashine imebeba mzigo gani? Rangi peke yake inaweza kukudanganya. Majibu matatu kwa pamoja yanakupeleka karibu na ugonjwa.

(Kengele fupi.)

Tuanze na moshi mweusi. Mweusi maana yake dizeli inayoingia ni nyingi kuliko hewa ya kuiunguza. Ukitoka kwa sekunde chache pale mzigo unapoingia, kisha ukaisha, si ugonjwa. Ukiendelea, anza na eya klina. Vumbi la barabara zetu za murram huijaza haraka, na injini inabaki kama mtu anayekimbia huku amezibwa pua. Zima mashine, ifungue, itazame. Ikiwa imeziba, weka mpya.

Eya klina ikiwa safi, tazama mzigo. Zima birika la umeme, pasi, na chochote kisichomsaidia mgonjwa. Moshi ukipungua, mashine ilikuwa imezidiwa. Na hapa Kampala kuna jambo la kukumbuka. Mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10. Jenereta isiyo na turbo, iliyobeba mzigo wake wote Mombasa bila shida, inaweza kutoa moshi mweusi hapa kwa mzigo ule ule. Kwa hiyo namba iliyoandikwa ubavuni usiichukulie kuwa ahadi. Kama hewa ni safi na mzigo ni mdogo lakini moshi bado mweusi, basi ni nozeli, pampu ya dizeli, au bomba la hewa la turbo lililopasuka. Hapo mwite fundi.

(Kengele fupi.)

Moshi mweupe. Asubuhi ya baridi, ukitoka kwa dakika moja au mbili kisha ukapotea, usijali. Usipopotea, unusie kwa mbali. Ukiwasha macho na kunuka dizeli mbichi, dizeli inatoka bila kuungua: labda nozeli moja ni mbovu, labda injini imechoka na haikandamizi hewa ya kutosha. Pengine kuna maji ndani ya dizeli. Tangi linalokaa nusu tupu hutengeneza maji, kwa sababu unyevu wa hewa huganda ndani yake usiku. Lijaze, na fungua koki ya chini ya chujio la dizeli umwage maji kabla ya kuwasha.

Lakini moshi mweupe ukiwa kama mvuke mzito usiokoma, na maji ya rediyeta yanapungua bila kuvuja chini, zima mashine. Ipoe kabisa kabla ya kugusa kifuniko cha rediyeta, maana maji yale yanachemka na yatakurukia usoni. Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Usiiwashe tena hata kwa dakika tano. Ukiiwasha utageuza kazi ya gasketi kuwa kazi ya injini nzima.

(Kengele fupi.)

Moshi wa buluu. Huo ni oili inayoungua. Kwanza pima oili: huenda mtu ameijaza kupita alama. Kama kipimo ni sawa, tazama wakati. Ukitoka tu unapowasha kisha ukaisha, oili inapita kwenye sili za valvu. Ukizidi kadiri mzigo unavyozidi, shaka ni ringi za pistoni au turbo. Mashine yenye moshi wa buluu inaweza kufanya kazi miezi mingi, ila inakunywa oili. Andika kila unapoiongeza, na kiasi gani. Fundi akikuta maandishi hayo, hatabahatisha, na wala hamtanunua vipuri vya Kisekka visivyohitajika.

(Muziki mfupi.)

Msikilizaji, kuna ugonjwa mwingine unaoipata jenereta ya zahanati kuliko ya kiwandani: kazi ndogo kupita kiasi.

Tupige hesabu. Chukua jenereta ya kVA 30. Hiyo hutoa kilowati 24 hivi. Sasa usiku imebeba nini? Mashine moja ya oksijeni, wati 350. Friji ya chanjo, tuseme wati 200. Taa 20 za wati 10, ni wati 200 nyingine. Jumla wati 750. Hiyo ni kama asilimia 3 ya nguvu yake! Injini haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, na masizi yenye mafuta hujikusanya ndani mpaka yanachuruzika kwenye bomba la moshi, meusi na mazito kama lami. Wengi hudhani ni oili inayovuja. Mashine ikiendelea hivyo, siku mtakapoipa mzigo mkubwa haitauweza.

Ndiyo maana kuiwasha dakika tano kila Jumatatu, bila mzigo, kisha kuandika "iko sawa", hakutoshi. Kanuni ya Marekani ya jenereta za dharura, iitwayo NFPA 110, inadai jaribio la dakika 30 kila mwezi, kwa mzigo usiopungua asilimia 30. Kwa jenereta ya mfano wetu ni kilowati 7 na kidogo. Mtazipata wapi? Panga siku ya jaribio iwe siku ya kuchemsha vyombo. Washa mashine ya kuua vijidudu, mabirika, pasi. Mwombe fundi umeme agawanye mzigo kwenye fezi zote tatu. Mwanzoni moshi mweusi unaweza kutoka mwingi, masizi ya zamani yakiungua. Ukipungua kadiri injini inavyopata joto, ni habari njema. Usipopungua, mwite fundi mchana huo huo, wakati umeme upo.

Tahadhari tatu. Ya kwanza, usipitishe mkono mahali dizeli inapovuja karibu na nozeli. Hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi, na jeraha dogo la aina hiyo ni la hospitali mara moja. Ya pili, jenereta ikae nje, mbali na madirisha ya wodi, angalau mita 6. Hata pasipo moshi wa kuonekana, ekzosi ina gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua waliolala. Ya tatu, usizoee kusimama ndani ya moshi. Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

Mwisho, nawaomba viongozi wa zahanati jambo moja. Anayeiwasha jenereta mara nyingi ni askari wa getini. Yeye ndiye anayeuona moshi kwanza, na mara nyingi hakuna anayemwuliza. Mnunulieni daftari. Mistari mitano inatosha: tarehe, saa ngapi mashine imefanya kazi, mzigo uliokuwepo, rangi ya moshi, oili na maji vilivyoongezwa. Na akiandika "mweupe, haukomi", asome mtu, afanye jambo siku hiyo hiyo. Mtoto aliye kwenye oksijeni hana njia nyingine ya kujua kwamba mashine inaumwa.

 

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha mwisho.)