Nani Amelipia Maoni Haya?

Nasema nanyi hapa Melbourne, ndugu zangu mliotoka Goma, Bujumbura, Kigoma na Mombasa mkawa raia wa nchi hii.

Australia kupiga kura si hiari. Tangu 1924 sheria ya uchaguzi wa shirikisho inamtaka raia afike kituoni, na asiyefika bila sababu ya maana hutozwa faini ya dola 20. Kwa hiyo hata yule anayesema siasa hazimhusu, kuna watu wanaamka alfajiri kutafuta namna ya kumwingia kichwani.

Mnakumbuka Januari 2018. Peter Dutton, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alihojiwa na redio 2GB ya Sydney akasema watu wa Melbourne wanaogopa kwenda mikahawani usiku kwa sababu ya magenge ya Waafrika. Yaani waziri, kupitia redio ya Sydney, anawatangazia watu wa Melbourne kwamba wao wana hofu! Wakazi wengine walimjibu kwa kupiga picha sahani zao mezani na kuzirusha mitandaoni, na mji ukacheka. Mama ambaye mwanawe hutoka kazini saa nne usiku na kupanda treni peke yake, yeye hakuwa na la kuchekea.

Nisieleweke vibaya. Uhalifu ulikuwepo, watu walivunjiwa nyumba, na walioumizwa walistahili haki yao. Lakini wachambuzi wa vyombo vya habari waliligeuza kosa la vijana kadhaa kuwa tabia ya rangi nzima, wakati uchaguzi wa jimbo unakaribia. Novemba ilipofika, chama cha Labor cha Daniel Andrews, kiongozi wa jimbo wakati huo, kilizoa viti 55 kati ya 88. Kelele zile hazikuwapa wapinzani wake ushindi. Zilichofanya ni kutulazimisha sisi tujitetee kwa miezi mingi, badala ya kuwauliza wagombea habari za kodi ya nyumba na vyeti vyetu vya kazi visivyotambuliwa.

Kila tunapozungumzia upendeleo wa vyombo vya habari, anatajwa Rupert Murdoch. Ni haki atajwe. Brisbane, Adelaide, Hobart na Darwin, gazeti kuu la kila siku ni la kampuni ya familia yake. Mwaka 2020 zaidi ya watu 500,000 walitia saini ombi la Kevin Rudd, aliyekuwa waziri mkuu, la kutaka Tume ya Kifalme ichunguze jambo hilo. Rudd mwenyewe alikuwa na kidonda: Agosti 2013, siku moja tu baada ya kutangaza uchaguzi, gazeti la Daily Telegraph lilijaza ukurasa wa mbele kwa kuwataka wasomaji waiondoe serikali yake. Wengine mtanishangaa, lakini ukurasa ule haunitishi sana. Ulisema unachokitaka kwa herufi kubwa, na msomaji alijua anasoma nini.

Kinachonitisha ni kisa cha John Laws, mtangazaji wa redio Sydney aliyesikilizwa karibu nchi nzima. Kwa muda mrefu aliyashambulia mabenki hewani, na wasikilizaji wakamwona mtetezi wa mnyonge. Kisha ghafla akaanza kuyasifu. Mwaka 1999 ikafichuka kwamba umoja wa mabenki ulikuwa umeingia naye mkataba wa malipo, na msikilizaji hakuambiwa. Mamlaka ya utangazaji ikaitisha uchunguzi wa hadhara. Laws alijitetea kwamba yeye ni mburudishaji, si mwandishi wa habari, basi maadili ya uandishi hayamhusu. Uchunguzi haukukubali, na kuanzia hapo watangazaji wakatakiwa kutaja nani anawalipa. Dereva wa lori aliyebadili mawazo yake kuhusu mabenki akiwa barabarani alidhani ameshawishiwa kwa hoja, kumbe alikuwa ameuzwa.

Sasa, kuna vijana wataniambia: sisi hatusikilizi hao, habari zetu tunazipata WhatsApp. Hapo ndipo pabaya zaidi. Laws alikuwa na kituo, kituo kilikuwa na leseni, na leseni ilikuwa na msimamizi wa kumwita mtu ajibu. Ujumbe wa sauti ukitufikia kwa Kiswahili safi, ukatuambia chama fulani kitatunyima haki zetu, mwenye sauti hiyo tutamwita wapi?

Wasimamizi wa makundi yetu ya WhatsApp mmo humu ndani, nawaona. Naomba baada ya chai msiondoke. Tukae tukubaliane kabla ya uchaguzi ujao kwamba ujumbe wowote unaotaja chama au mgombea hauingii kwenye kundi bila jina la aliyeutoa, na kama amelipwa aseme ni nani aliyemlipa.