Wenzetu Wenye Ugonjwa wa Akili na Mikutano ya Ulinzi Shirikishi
(Hotuba kwa semina ya kamati za parokia)



Tangu Jeshi la Polisi la Tanzania lilipoanza mpango wa polisi jamii mwaka 2006, mikutano ya wananchi na polisi imekuwa jambo la kawaida mitaani kwetu, na mara nyingi ukumbi unaotumika ni wa kanisa. Ajenda mnazijua: wizi, pombe haramu, vijana wa vijiweni. Kisha huingia ile ya "vichaa wanaozurura". Huzungumzwa kwa muda mrefu, na hakuna hata mmoja wao aliyemo ukumbini.

Nasi tulikuwa hivyo hivyo, mpaka kijana mmoja wa jumuiya yetu, mgonjwa wa siku nyingi, alipokutwa usiku na vijana wa doria. Walimwuliza jina, hakujibu. Walipomzunguka alikimbia, na anayekimbia usiku huhesabiwa mwizi. Mama yake alimkuta mahabusu siku ya pili, mkono umevunjika, dawa hajanywa.

Tulimwalika yeye na wenzake wawili kwenye mkutano uliofuata. Tulikosea. Tuliwaketisha benchi la nyuma, askari walikuja na bunduki, na tulianza asubuhi mapema, wakati dawa za usiku bado zinawalaza. Mmoja aliondoka kabla ya sala ya kufungulia. Tukasema sisi kwa niaba yao, kisha tukaandika katika taarifa kwamba "walishirikishwa". Taarifa hiyo, ndugu wafadhili, mliipokea. Tunawaomba radhi.

Mara ya pili tulikwenda kwanza majumbani kwao pamoja na muuguzi wa kliniki, tukawauliza wangependa mkutano uweje. Waliomba saa nane mchana, viti vya duara, polisi bila silaha, kila mmoja aje na mtu anayemwamini, na ruhusa ya kutoka nje na kurudi bila kuulizwa. Kilichohitaji fedha ni nauli tu.

Siku hiyo kijana wetu alizungumza. Alisema usiku ule alisikia sauti nyingi kwa pamoja, hakujua ipi ni ya mtu. Mkaguzi wa polisi wa kata akamwuliza, "Tukikukuta tena, mwanangu, tufanyeje?" Akajibu: azungumze mtu mmoja tu, asimmulike tochi machoni, na mama apigiwe simu. Maneno hayo yaliandikwa kwenye daftari la doria. Tulimkumbuka yule mtu wa makaburini katika Injili ya Marko, ambaye wengine walimletea minyororo na Bwana akazungumza naye.

Jambo zito lilitoka kwa mama mwingine. Binti yake alikunywa sumu, akapona, na familia ikaficha, kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Ukumbi ulinyamaza. Mkaguzi alisema wazi kwamba sheria hawezi kuibadili, ila mgonjwa wa namna hiyo atampeleka hospitali kwanza. Tuliona afadhali jibu hilo kuliko ahadi tamu. Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbele: Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba.

Mfadhili mmoja ametuuliza kama kuna mahali polisi na familia za wagonjwa wamefanya kazi pamoja kwa muda mrefu. Wapo. Katika mji wa Memphis, Marekani, baada ya polisi kumwua kwa risasi mtu mwenye ugonjwa wa akili mwaka 1987, polisi walikaa na familia za wagonjwa na wataalamu wa vyuo vikuu, na mwaka 1988 kikaundwa kikosi maalumu ambacho askari wake hupata mafunzo ya saa 40. Huko nako ilibidi mtu afe kwanza.

Kamati zitakazoandaa mikutano baada ya Pasaka zianze na kutembelea majumbani, na nauli ya msindikizaji iingizwe katika bajeti ya robo hii. Kijana wetu amekubali kwenda kuzungumza na doria ya mtaa wa pili. Ameomba tu isiwe asubuhi.