MAZUNGUMZO YA KATIBU WA TAWI: MAJIRANI WA GRENFELL

*KWA WANACHAMA WOTE, TAWI LA LONDON*
Yafuatayo ni mazungumzo ya Katibu katika kikao cha Jumamosi, kwa faida ya ambao hawakuweza kufika.

 

Suala la ada tumelimaliza, kwa hiyo sitawachosha. Mwanachama mmoja aliuliza kwenye grupu: ya Grenfell si yamepita, kwa nini tawi bado linaenda kwenye matembezi ya kimya kila tarehe 14 Juni? Swali ni halali. Nitalijibu.

Usiku ule wa mwaka 2017 moto ulianza jikoni, kwenye friji, ghorofa ya nne. Zimamoto walipigiwa saa 6:54 usiku. Ungeweza kuishia humo humo jikoni. Lakini mwaka mmoja nyuma jengo lilikuwa limevalishwa vibao vyenye plastiki ndani yake, na moto ulipotoka dirishani ukapanda navyo mpaka juu. Ngazi ilikuwa moja tu. Waliopiga simu waliambiwa wabaki ndani, na agizo hilo halikubadilishwa mpaka saa 8:47. Walikufa watu 72, kati yao watoto 18.

Hayo mnayajua. Ninachotaka kusema ni habari ya majirani.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Waislamu wengi wa mtaa ule walikuwa macho kwa ajili ya daku, na baadhi yao ndio walioona moto mapema wakaenda kugonga milango. Wengine walisimama chini wakiona taa za simu zikiwakawaka madirishani, kisha wakaziona zinazimika. Mtu aliyeona hivyo hakuungua, lakini usimwambie yamepita.

Majengo ya jirani yalikosa maji ya moto, kwa sababu mitambo ya kuyachemsha ilikuwa chini ya mnara. Shule iliyo pale mguuni pa jengo ilihamishwa, wanafunzi wakarudi Septemba 2018. Miaka yote hiyo mnara ulikuwa pale, umefunikwa, ukifungua pazia unauona. Ulipotangazwa kubomolewa, majirani wenyewe hawakukubaliana: wapo waliosema uondoke wapumue, wapo waliosema ubaki mpaka watu wafikishwe mahakamani. Mimi siwezi kuwaamulia.

Na wakazi walikuwa wamesema. Novemba 2016 kikundi chao kiliandika kwamba ni janga tu litakalofichua uzembe wa wasimamizi wa jengo. Ripoti ya uchunguzi ya Septemba 2024 ikasema vifo vyote vingeweza kuzuilika. Vyote, ndugu zangu.

Sasa tuje kwetu. Kwenye jengo ninaloishi mlango wa ngazi haukuwa unajifunga. Niliandika mara tatu, nikajibiwa "tumepokea". Mara ya nne tuliandika majirani tisa kwa pamoja, fundi akaja wiki hiyo hiyo. (Kabla ya hapo nilikuwa sijui hata jina la jirani yangu wa mlango wa pili. Aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.)

Pale Grenfell, kati ya wakazi 37 wenye ulemavu, 15 walifariki. Sisi tuna wazee wanaotembelea fimbo kwenye ghorofa za juu. Tuna mama zetu wanaokuja kutusalimia miezi mitatu, na lile tangazo la moto ukutani limeandikwa Kiingereza.

Kwa hiyo naomba wajumbe wa mashina, mpaka mwisho wa mwezi, mniletee orodha: nani anakaa ghorofa gani, nani hawezi ngazi, mlango gani haufungi. Barua tutaandika pamoja. Tangazo la jengo lako lipige picha, kijana wetu wa uenezi atakutafsiria.

Tarehe 14 tunakutana saa 11 jioni, kituo cha Latimer Road. Vaeni kitu cha kijani. Sare za chama tuziache nyumbani.

*Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi. Tafadhali mfikishie na asiye kwenye grupu.*