UTORO WA MAJI USIZIBWE
(Maneno ya Kamati ya Maji kwa mkutano wa wanachama)

Ndugu wanachama,

Baadhi yenu mmeiomba Kamati iruhusu utoro wa maji uzibwe kwa viroba vya mchanga, ili bwawa letu lijae zaidi, bustani na samaki wapate maji mpaka mwisho wa kiangazi. Haja hiyo tunaielewa, maana na sisi tunalima hapo hapo. Lakini jibu letu ni hapana.

Tuta letu ni la udongo. Udongo huyazuia maji yakikaa upande wake, ila yakipanda na kupita juu ya tuta, yanaukata kama jembe. Utoro ndio mlango wa maji ya ziada. Ukiuziba, maji yatapita juu ya tuta. Likishakatika hakuna wa kulizuia, na walioko bondeni ni ndugu zetu.

Jamani, hatutishani. Tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, bwawa la Patel, nalo la udongo, lilipasuka usiku wakati wa mvua kubwa. Watu zaidi ya 40 walikufa, na watoto wengi wakiwemo.

Basi, kabla mvua za Novemba hazijaanza, tunaomba mkutano ukubali haya:

1. Utoro usafishwe. Nyasi, magogo na mitego ya samaki vitolewe.

2. Miti iliyoota juu ya tuta ikatwe ingali midogo. Mizizi mikubwa ikioza huacha njia za maji. Mashimo ya panya na fuko yafukiwe na kushindiliwa.

3. Ng'ombe wasipitishwe juu ya tuta.

4. Anayeona maji yanavuja chini ya tuta aseme siku hiyo hiyo. Yakitoka na tope ni hatari zaidi, maana udongo wa ndani unaliwa. Hapo ngoma ipigwe, watu wa bondeni wahame kwanza, maswali baadaye.

Tukitaka maji zaidi, tuta na utoro viinuliwe pamoja, kwa kipimo cha mtaalamu na kwa kibali, kama inavyotaka Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kamati iko tayari kuandika barua mkikubali.

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, linalopokea maji ya mto Luwegu wa mkoa wetu, lina wataalamu wake wa kulitunza. Hili letu lina sisi tu. Siku ya kazi ikitangazwa, kila nyumba itoe mtu na jembe.

Kamati ya Maji