UMEME WA NYUMBANI: TUHESABU UNITI, TUSILAUMIANE

(Maongezi ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanaushirika)



Leo hatukuja kuzungumza habari za pamba wala dagaa. Tumekuja kuzungumza habari za umeme, maana umeleta ugomvi hapa kijijini.

Mnakumbuka. Mama mmoja jirani yetu alizoea kutoa shilingi 5,000 akapata uniti 41. Mwezi uliopita akatoa 5,000 ile ile, akapata uniti 14. Basi tukasema kijana anayeuza LUKU ni mwizi. Wengine wakasema mita imerogwa. Sisi viongozi nasi tulikuwamo. Jioni ile risiti ikaletwa darasa la watu wazima, tukaisoma mstari kwa mstari, hesabu tukaipiga ubaoni. Kijana hakuiba hata senti. Tumekwisha kumwomba radhi, na leo tunarudia mbele yenu nyote.

Kilichotokea ni hiki. Bei ya umeme haipangwi na muuza LUKU, wala TANESCO hawaipandishi wapendavyo. Lazima iidhinishwe na EWURA, chombo cha serikali cha kudhibiti nishati na maji. Kwa bei iliyoanza Aprili 1, 2016, mteja mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Kila uniti inayozidi 75 ni shilingi 350. Akizoea kuzidisha, huhamishiwa kundi la juu, na huko kila uniti, tangu ya kwanza, ni shilingi 292. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, mchango wa umeme vijijini asilimia 3, na wa EWURA asilimia 1. Jumlisheni: mteja mdogo shilingi 122, kundi la juu shilingi 356. Hapo ndipo 41 ilipogeuka 14.

Sasa je, mama yule alizidishaje? Mita yake ilikuwa inalisha nyumba nne! Sisi majirani tulivuta waya kwake kupitia dirishani. Tukauita ujirani mwema. Lakini mita haijui ujirani, inajua uniti tu. Sisi ndio tuliomponza. Tena waya wa namna ile ni hatari, unaweza kuua mtoto au kuunguza nyumba.

Kwa hiyo tumekubaliana haya:

1. Kila nyumba iwe na mita yake. Gharama ya kuunganishiwa umeme vijijini ni shilingi 27,000. Asiyeweza kwa mara moja, ushirika utamkopesha, alipe kidogo kidogo. Waya zote za dirishani zitolewe. Mama naye tutamsindikiza ofisi ya TANESCO kuomba arudishwe kundi la chini matumizi yakishapungua.

2. Saluni, na friji la kuuzia soda au samaki, visitegemee mita ya nyumbani. Biashara iwe na mita yake.

3. Tusinunue kwa mkupuo. Uniti 75 zinahesabiwa kwa mwezi. Ukiuza pamba ukanunua siku moja umeme wa miezi mitatu, umevuka mpaka na kulipa 350.

4. Tujue kupima. Uniti 75 kwa siku 30 ni uniti mbili na nusu kwa siku. Wati 1,000 kwa saa moja ni uniti moja. Globu tano za wati 60, zikiwaka saa tano, zinakula uniti moja na nusu. Taa tano za LED za wati 9 kwa saa hizo hizo hazifiki robo uniti. Maharage kwenye jiko la koili la wati 1,000 kwa saa tatu ni uniti tatu: posho ya siku nzima imekwisha na bado giza halijaingia! Pasi nayo, tupige nguo zote siku moja kwa wiki.

Na haki yetu tuijue pia. TANESCO wakitaka kupandisha bei, EWURA huitisha mkutano wa taftishi, na mwananchi husikilizwa. Mwishoni mwa 2016 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 8.5 ianze Januari 1, 2017, serikali ikaisimamisha. Ukiwa na lalamiko, anza TANESCO. Lisipokwisha, lipeleke EWURA. Lakini nenda na risiti mkononi, siyo na hasira.

Ndugu zangu, wengi wetu tumejifunza kusoma ukubwani. Tulidhani ni kwa ajili ya barua tu. Kumbe hata risiti ya LUKU inataka msomaji. Asiyejua kuisoma asione haya, alete darasani, tutasoma pamoja.



Ushirika hoyee!

Katibu wa Tawi