Kadi Ninayo, Pesa Zimetoka

Msikilizaji wetu wa Kongowe, tuseme kadi unayo mfukoni, lakini simu inasema shilingi 400,000 zimetolewa kwenye ATM. Benki inakujibu: namba ya siri ilikuwa sahihi. Sasa? Jibu hilo limetoka kwenye kompyuta ya benki, na sheria ina neno juu ya kumbukumbu hizo.

Kwenye shauri namba 4 la mwaka 2000, Trust Bank dhidi ya Le-Marsh, Jaji Nsekela wa Mahakama Kuu ya Tanzania alikubali karatasi zilizochapwa na kompyuta zihesabiwe kuwa vitabu vya benki. Ila kukubaliwa si kuaminiwa. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama ipime kumbukumbu zilitengenezwaje, zilitunzwaje, na kama zimebaki salama. Mimi naona hapo ndipo pa kuibana benki.

Basi wahi. Omba kwa barua rekodi ya mashine yenyewe na picha za kamera, maana picha mpya hufuta za zamani. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala.

Halafu saa, jamani! Rekodi ikiandika 02:14, hiyo ni saa nane usiku. Ukiapa ulikuwa nyumbani "saa mbili", umetetea muda mwingine kabisa.