Utamu Umebaki Wapi? Mazungumzo juu ya Kimea na Togwa

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya jambo lionekanalo dogo, lakini limewahuzunisha mama wengi katika bonde letu la Kilombero, nalo ni chungu cha togwa kilichokataa kuwa tamu.

Mwaka mmoja, wakati wa kuvuna mpunga, mama mmoja jirani yetu hapa Ifakara aliwaalika watu kumi na wanane waje kumsaidia shambani. Nanyi mwajua, mtu aliyeitwa kazini hana budi kupewa cha kunywa. Basi jioni alipika uji wa mahindi vyungu viwili, akautia unga wa kimea cha ulezi, akafunika, akaenda kulala. Alfajiri alipofunua, aliuona uji ni mzito vile vile, hata mwiko wasimama wima. Akaongeza kibaba cha kimea, kisha kibaba cha pili, wala haukubadilika.

Akatujia mbio. Tukamwamkia, “Shikamoo, mama.” Akajibu, “Marahaba, mwalimu, lakini sina raha. Kimea kimenikataa. Jana usiku yule wa nyumba ya pili alikuja kuomba moto, akapita karibu na vyungu vyangu. Watu wanasema nimefanyiwa.”

Tukamwambia, “Mama, kabla ya kumtafuta mtu, na tuutafute utamu. Haukutoka nje ya nyumba hii. Umebaki mahali fulani.”

Tulichota uji kidogo, tukauchemsha, tukaacha upoe kiasi, tukaugawa katika bakuli mbili. Bakuli ya kwanza tulitia kimea chake. Ya pili tulitia kimea tulichokiomba kwa yule yule jirani aliyeshukiwa. Tukafunika zote mbili kwa kitambaa, tukangoja kama nusu saa. Tulipofunua, bakuli ya kwanza ilikuwa kama tulivyoiacha. Ya pili ilikuwa nyepesi kama maziwa, na tamu. Uji ni mmoja, maji ni mamoja, moto ni mmoja. Kilichotofautiana ni kimea tu. Ndipo tukamwuliza, “Mama, kimea chako ulikianika wapi?” Akasema, “Mvua za masika hazikunipa jua. Nilikikausha juu ya uchaga, jikoni, moto ukiwaka chini.”

Hapo ndipo utamu wake ulipopotelea. Ili mwelewe sababu, yatupasa kueleza kwanza kimea ni kitu gani.

Ndani ya punje ya nafaka mna wanga mwingi. Wanga si mtamu, nao ni akiba ya chakula cha mche mchanga. Punje ikipata maji huamka, nayo hutengeneza vitu viitwavyo vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kuukata wanga vipande vidogo vidogo hata uwe sukari, ili mche upate kula. Mtengenezaji wa togwa huizuia punje katikati ya kazi hiyo. Huianika ikauka, huisaga, kisha hivyo vimeng'enya huvitia katika uji vikate wanga wa chungu kizima. Wafaransa wawili, Payen na Persoz, ndio waliotenga kitu hicho katika kimea cha shayiri mwaka 1833. Lakini bibi zetu walikuwa wakikitumia bila kukipa jina.

Basi, vimeng'enya vina tabia moja kubwa: vyapenda joto, lakini joto likizidi vyaharibika, wala havitengenezeki tena. Kimea kibichi kilichojaa maji, kikiwekwa juu ya moto mkali, huharibika hata kabla hakijakauka. Kwa macho ni kimea, kwa harufu ni kimea, lakini kazi hakina. Ukiongeza vibaba kumi vya namna hiyo, umeongeza unga tu.

Watu wasidhani kwamba shida hii ni yetu peke yetu. Waingereza hutengeneza bia yao kwa kimea cha shayiri, na wako wengi kati yao wanaoitengeneza nyumbani. Hao pia hulalamika kwamba wametia kimea kingi na maji hayakuwa matamu ya kutosha. Katika kilo 1 ya kimea kizuri cha shayiri, kama gramu 800 zaweza kuyeyuka katika maji. Mtu wa nyumbani akipata saba katika kila kumi za hizo, huridhika. Akipata tano tu, huanza kuuliza maswali. Huko London, mwaka 1762, Michael Combrune alitoa kitabu cha kuwaonyesha watengenezaji wa bia faida ya kupima joto kwa kipimajoto badala ya kukisia. Maswali yao ni yale yale yatupasayo sisi, nayo ni manne.

Swali la kwanza: je, punje ziliota? Hesabu punje 100, uzifunge katika kitambaa chenye maji, uzitazame baada ya siku tatu. Zikiota 95, nafaka yako ni njema. Zikiota 60, basi zile 40 zitakuwa mzigo tu katika kimea chako. Nafaka ya zamani na iliyoliwa na wadudu huota vibaya. Hapa twaonya kwa nguvu: mbegu za dukani zilizotiwa dawa na kupakwa rangi zisifanywe kimea kamwe, maana dawa hiyo ni sumu. Loweka nafaka safi usiku mmoja, umwage maji, uifunike kwa gunia bichi, uinyunyizie maji, uigeuzegeuze isipate joto wala ukungu. Ulezi hutosha kwa siku mbili au tatu. Ukiuacha mno, mche utaila sukari uliyoitaka wewe. Kisha anika juani, kwa kutandaza mwembamba juu ya mkeka. Kama mvua hairuhusu, tandaza mahali penye upepo chini ya paa, mbali na moto. Afadhali kingoje siku nne kuliko kuungua kwa saa moja. Na anayetumia mtama aondoe mizizi na machipukizi yote baada ya kukausha, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana kitu kinachotoa sumu.

Swali la pili: je, kimea na uji vilisagwa na kupikwa vema? Punje nzima haitoi kitu, kwa kuwa wanga umefungwa ndani. Tena wanga wa mahindi na mtama ni mgumu kuliko wa shayiri. Mwingereza aweza kumimina maji ya moto juu ya kimea chake bila kukichemsha, na wanga wa shayiri ukafunguka. Wa mahindi haufunguki vema mpaka upikwe. Ndiyo sababu sisi hupika uji kwanza, ukachemka hasa, ndipo tutie kimea. Uji uliopikwa nusu hutoa togwa nusu.

Swali la tatu: je, joto lilikuwa la kiasi gani? Hapa ndipo wengi hukosea. Waingereza hushika nyuzi 65 mpaka 68 za sentigredi, kwa muda wa saa moja hivi. Ukitia kimea katika uji unaotokota, umekiua papo hapo, hata kama kilianikwa vizuri juani. Ukikitia katika uji uliopoa kabisa, kitafanya kazi polepole mno, na uchachu utatangulia utamu.

Asiye na kipimajoto afanyeje? Wanafunzi na wachukue kalamu. Maji yanayochemka ni karibu nyuzi 100. Maji ya mtungini, katika joto letu la Ifakara, tuseme ni nyuzi 28. Changanya kipimo kimoja cha haya na kimoja cha yale: 100 na 28 ni 128, nusu yake ni 64. Basi, pika uji mzito, kisha utie kipimo sawa cha maji safi ya baridi yaliyokwisha kuchemshwa na kupozwa, ukoroge. Utakuwa umefika karibu na mahali panapotakiwa. Ndipo utie kimea, ukoroge tena mpaka pasiwe na madonge, ufunike chungu na kukizungushia gunia kavu ili joto lisikimbie.

Swali la nne: je, utamu haukubaki katika machicha? Kwa wale wanaochuja, jambo hili ni la kuangaliwa. Chukua machicha kidogo, uyatafune. Yakiwa matamu, basi sukari yako iko humo, nawe waenda kuwapa kuku. Yamiminie maji kidogo ya moto, polepole, huku ukiyapangua kwa mwiko, kisha uchuje mara ya pili. Aminaye kwa haraka hupata maji yaliyopita pembeni bila kuchukua kitu.

Na walimu wenye iodini katika sanduku la dawa waweza kuwaonyesha wanafunzi jambo la kupendeza. Weka tone la uji uliopoa katika sahani nyeupe, udondoshee iodini. Ukigeuka kuwa buluu nyeusi, wanga bado haujakatwa. Usipogeuka, kazi imekwisha. Uji huo wa sahani umwagwe, usirudishwe chunguni.

Wasikilizaji, hatukuyasema haya kwa ajili ya karamu tu. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania walikitumia kimea hiki hiki kwa ajili ya watoto. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mzito unamshinda kumeza, na uji mwepesi umejaa maji, haumshibishi. Lakini uji mzito ukitiwa kijiko cha unga wa kimea hulainika, chakula chote kikiwamo ndani, naye mtoto huweza kuula. Ukishalainika, uchemshwe tena kidogo ili kuua vijidudu vya kimea, ndipo apewe. Kwa hiyo mama ajuaye kutunza kimea chake amejua pia namna moja ya kumlisha mtoto wake.

Tena jambo la mwisho, nalo ni zito. Mto wetu hufurika, na nafaka hulowa ghalani. Mtu huona uchungu kuitupa, husema, “Hii na iwe pombe.” Mnamo Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe msibani. Wengi walidhani mtu ametia sumu. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibiwa na mafuriko, na vijidudu vilivyoota ndani yake vilitengeneza sumu isiyoondolewa na moto. Nafaka iliyooza haiponyeki chunguni. Itupwe, wala wasipewe kuku.

Mwataka kujua yule mama alifanyaje? Alirudisha uji motoni, akaupoza kama tulivyoeleza, akautia kimea cha jirani yake vibaba viwili. Kabla jua halijafika utosini, togwa ilikuwa shambani, na waliovuna wakanywa. Jioni alichukua kata ya togwa na pishi ya mpunga, akaenda nazo nyumba ya pili. Yaliyosemwa huko hatukuyasikia, wala haikutupasa kuuliza. Ila twajua kwamba masika yaliyofuata mikeka yao miwili ya kimea ilitandazwa pamoja, chini ya paa moja, mbali na moto.